Mwaka Walipopiga Marufuku Chumvi

Mimi sina tabia ya kumung'unya maneno. Wale mabwana waliokaa hotelini mjini, wakavuta sigara zao nene na kuifuta chumvi kwenye sheria za mpira, hawakuwahi kumtazama ndugu yangu Jabez akicheza. Wangemtazama wasingethubutu. Au labda walimtazama wakamwonea kijicho, maana wenye vitambi kama vile hata viatu vyao walikuwa hawavioni tena.

Chumvi yenyewe haikuwa ya kula, ilikuwa ujanja wa uwanjani. Mpira wetu ni hivi: ukiudaka mpira uliotoka mguuni mwa mtu kabla haujagusa chini, refa anapuliza kipenga, maadui wanarudi nyuma, na wewe unapiga kwa raha zako bila mtu kukugusa. Siku zile sheria haikusema mpira uwe umetoka umbali gani. Basi Con Duggan, lile jitu letu la katikati, alikuwa akiushika mpira na watu watatu wamemning'inia shingoni, anaudondosha kwenye ncha ya kiatu, tap, unaruka kidogo tu mpaka mikononi mwa Jabez aliyesimama pale pale kwapani mwake. Kipenga! Hakuna wa kumgusa. Tuliita chumvi kwa sababu ilikuwa kama kumsogezea mwenzako chumvi mezani.

Jabez alikuwa mfupi. Nasema hivyo mimi dada yake niliyemlea tangu mama yetu alipofariki. Alikuwa mfupi, hana mbio za kutisha, na mgongo wake ulikuwa wa mtu anayeinamia kazi kutwa. Lakini mikono alikuwa nayo, jamani! Mpira uwe umelowa, uwe na tope, uje kwa kishindo uje kwa upole, ukifika kwake umefika. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi adhuhuri alikata soli kwenye kiwanda cha viatu, na msimamizi akimtaka alimpigia mluzi tu, kama hana jina. Jumamosi mchana akivaa fulana ya mistari ya timu yetu ya Wexley, ukingo mzima wa uwanja ulimwita kwa jina alilopewa na mama. "Jabez! Chumvi, Jabez!" Nilikuwa nikisikia hivyo nasahau hata maumivu ya mikono.

Mikono yangu iliuma kwa sababu mimi ni dobi. Nilifua nguo za watu uani kwangu, na fulana za timu nilifua mimi pia. Uwanjani nilikuwa na mahali pangu kwenye uzio, karibu na goli la upande wa mtoni, na mwanamume yeyote aliyejaribu kuniziba alionja pini ya kofia yangu. Hakuna aliyejaribu mara mbili.

Sasa wakaifuta. Kabla ya msimu kuanza Con Duggan alikuja na gazeti jikoni kwetu, akakaa kwenye kiti, kiti kikalia kwa uzito wake, akatusomea. Mpira usioruka hatua kumi hauhesabiki kuwa umedakwa. Refa atapaza sauti "Cheza!" na mchezo unaendelea kama kawaida.

"Tutazoea," Con akasema, huku anajikatia mkate wangu.

"Nimecheza hivi tangu nianze kunyoa ndevu," Jabez akasema.

"Ndevu zipi?"

Tukacheka wote. Hatukujua tunachekea nini.

Mechi ya kwanza ilikuwa nyumbani kwetu, na vijana wa Brackley. Mambo yalikuwa shwari mpaka Con alipoubeba mpira mbele ya goli letu, watu wakamrukia, na mguu wake ukafanya ulichozoea kufanya. Tap. Jabez akadaka. Kisha akasimama! Akachimba kisigino kwenye nyasi, akainua kidole kupima upepo, akaanza kulitazama goli la mbali kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Refa akapaza sauti, "Cheza! Cheza!" Jabez akamtazama kwa adabu, haelewi anaambiwa nini. Kijana mmoja wa Brackley akamfikia, akauchukua mpira mikononi mwake taratibu, karibu aseme ahsante, akageuka akafunga goli.

Ningesema ni bahati mbaya kama ingetokea mara moja. Ilitokea tena, na baada ya mapumziko ikatokea tena. Safari ya mwisho Con hakuwa na kosa, mpira ulitoka kwa mwingine, lakini Jabez aliudaka kwa karibu, na mwili wake ukaganda. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Jirani yangu Bi Pettifer, aliyekuwa amesimama bega kwa bega na mimi, akampigia kelele kwa jina letu la ukoo, "Tregenza, umeota mizizi?" Nikamwambia afunge kinywa chake kabla sijakifunga kwa mwavuli. Lakini moyo uliniuma, wala sifichi.

Nahodha wetu alikuwa Ambrose Yelland, mwenye bucha pale kona. Jumatatu yake akamtoa Jabez, akamweka Percy Stokes, kijana anayekimbia kama amekwapua kitu. Percy hakuwa na ubaya. Alikuwa na mbio na meno meupe, na alipofunga goli alibusu mkono wake mwenyewe. Mimi sikumpenda hata chembe.

Nyumbani kukawa kama kuna msiba. Jabez aliacha kupita barabara kuu akitoka kazini, akawa anazunguka kwa kichochoro cha nyuma ili asikutane na watu. Chakula alikula, nikimwambia ale. Nikimwuliza jambo alijibu "ndiyo, dada" au "hapana, dada", basi. Jumamosi aliingia kitandani jua bado linawaka. Siku moja nikamsikia akimwambia muuza maziwa, "nilipokuwa nacheza zamani." Zamani! Mtu wa miaka ishirini na minane!

Kilichonimaliza ni ile fulana. Fulana ya Jabez alipewa Percy, na kila wiki ilikuja kwenye kapu langu pamoja na nyingine, ina matope ya mtu mwingine. Jioni moja nimeinama kwenye beseni, nikamwona Jabez ameichukua. Nilidhani ataichana, na ningemwacha. Akaikung'uta, akaianika mwenyewe kwenye kamba, akavuta mikono yake vizuri isije ikakunjamana. Nikataka kulia. Na mimi nikitaka kulia huwa nagomba.

"We Jabez, hivi umekufa?"

"Sijafa, dada."

"Basi mbona unakaa matanga? Nani amekufa humu ndani?"

"Mpira wangu umekwisha. Sheria imenikataa."

"Sheria imekataa kusimama. Kukimbia nako imekataza?"

Akaangalia mikono yake. "Mwili unasimama wenyewe, dada. Nikishika tu, kisigino kinaingia chini. Siuambii mimi. Najua kabisa nisisimame, na nimeshasimama."

"Haya. Basi tutaufundisha adabu huo mwili. Kesho asubuhi kabla ya king'ora cha kiwanda uwe kichochoroni, na viatu."

"Watu watatuona."

"Watuone! Wamekuona ukisimama, sasa wakuone unakimbia."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito na harufu ya kiwanda cha ngozi imelala chini kama kawaida. Nilikunja sketi nikaichomeka kiunoni. Mkono mmoja mpira, mkono mwingine ule mti wangu wa kukorogea nguo kwenye maji ya moto. Jabez akautazama mti.

"Huo wa nini?"

"Utaujua."

Nikaudondosha mpira kwenye kiatu changu, tap, kama nilivyomwona Con akifanya miaka yote ile. Jabez akadaka. Akasimama. Nikamchapa kwenye mashavu ya miguu.

"Aisee, dada!"

"Cheza!"

Tap. Akadaka, akasimama, akala mti. Tap. Safari hii aliruka kabla mti haujafika, lakini aliruka akiwa pale pale, nikamfuata nikampata. Bi Pettifer akachomoza kichwa juu ya uzio, kofia ya kulalia bado anayo.

"Kezia! Mwanamume mzima unamchapa?"

"Na mumeo ningemchapa, kama angekuwa anaamka!"

Akarudisha kichwa. Lakini kesho yake alikuwepo tena, na kikombe cha chai, amekuja kutazama.

Tukafanya hivyo kila asubuhi. Siku za kufua nilianika mashuka kukatiza ua, nikamfungulia lango, nikamwambia apite katikati yake na mpira bila kugusa hata moja, na akilichafua shuka la watu atalifua mwenyewe. Alifua mengi. Upande wa kulia wa kichochoro kuna ukuta wa kiwanda cha sabuni, mguu wa kulia haukuwa na nafasi ya kupiga, akalazimika kupiga kwa kushoto. Mwanzoni mpira wa kushoto ulikwenda ulikotaka wenyewe. Ulikwenda kwenye bomba la moshi la watu, ukaenda kwenye banda la kuku la Bi Pettifer, na kuku wakagoma kutaga. Jabez alitaka kuacha. Alisema miguu imejaa alama, wenzake kiwandani wanamcheka. Nikamwambia wanaocheka ndio wale wale waliokuwa wakimwita kwa jina, na watamwita tena, anyanyue mpira.

Kisha siku moja nikagusa mpira, tap, nikarusha mti, na mti ukapita hewani. Hapakuwa na mtu! Alikuwa ameshafika kwenye lango, ananitazama, mdomo wazi, na mimi nimepinduka ndani ya kapu la nguo miguu juu. Nikacheka humo humo kapuni mpaka Bi Pettifer akapiga yowe akidhani nimepata kifafa. Jabez naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya gazeti.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Yelland buchani.

"Nataka shingo ya kondoo," nikamwambia, "na nafasi ya ndugu yangu."

"Shingo ipo," Yelland akasema.

"Anakimbia sasa. Njoo umwone kichochoroni."

"Kezia, kichochoroni hakuna watu wanaotaka kumvunja mbavu. Uwanjani wapo." Alikuwa anapasua mifupa, hakuniangalia. "Sikia, mimi nampenda Jabez, kila mtu anampenda. Kamati inapanga majina ya mwakani baada ya mechi ya mwisho. Lake halitakuwemo. Sitaki uje kulisikia kwa mwingine."

"Asiyecheza mechi ya mwisho anajadiliwaje?"

"Ndiyo nakwambia."

Niliichukua shingo nikabamiza mlango mpaka kengele yake ikadondoka. Jabez sikumwambia. Lakini alijua, maana Con alikuwa ameshampasulia yote, Con hana kifua cha kutunza neno. Hata hivyo kesho yake alfajiri alikuja kichochoroni kabla yangu. Nikamwuliza anafanya mazoezi ya nini sasa. Akasema, "Sijui, dada. Wewe piga tu." Nikapiga.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Carrow Hill, watu wa kilimani, wenye kofia nzuri na midomo mibaya. Jumamosi ile mchana nilikuwa najifunga kofia niende uwanjani, Jabez anamenya viazi, ndipo lango likagongwa. Alikuwa Yelland, aproni bado imejaa damu ya ng'ombe.

"Percy vidole vyake vimebanwa na mashine kiwandani kwao," akasema. "Hawezi kushika hata kijiko."

"Maskini, pole yake," nikasema. Na nilimhurumia kweli, kwa dakika moja nzima.

Yelland akamgeukia Jabez. "Nisikilize vizuri. Nakuchezesha leo kwa kuwa sina mwingine. Ukisimama, hata mara moja, mwakani usije hata kutuangalia kwenye uzio. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na asiposimama?" nikauliza mimi.

Yelland akajikuna shingo. "Asiposimama, tutaongea."

"Mtaongea nini? Sema sasa hivi, nipo hapa nakusikia."

"Jina lake litaingia, Kezia! Basi? Naomba niende nikanawe."

Jabez aliacha viazi kwenye maji. Tulikwenda pamoja mpaka kwenye geti la uwanja, na mimi nilijizuia nisiseme kitu, jambo ambalo si dogo kwangu. Fulana niliyokuwa nimeifua Jumatatu ilimsubiri kwenye chumba cha timu. Alipotoka nayo uwanjani, watu wa kilimani walimtambua mara moja.

"Oyaa, Tregenza! Simama hapo tukupige picha!"

"Mleteeni chumvi huyo, mchuzi umepooza!"

Mlinzi wao alikuwa Silas Mounsey, jitu la ndevu lililopambana na kina Jabez tangu wote ni vijana wadogo. Akamwekea mkono begani. "Karibu tena, mzee," akamwambia, sauti inasikika mpaka kwenye uzio. "Ningejua unakuja ningekuletea kiti."

Jabez akainama akakaza kamba za kiatu. Aliyejibu ni mimi, lakini niliyojibu hayaandikiki.

Mvua ilianza mapema. Kipindi cha kwanza Jabez hakugusa mpira, na kipindi cha pili aliugusa kwa bahati. Con hakumpa hata mmoja, alikuwa anaogopa. Nilimwona kabisa: kila akimwona Jabez karibu anageukia upande mwingine. Kipindi cha tatu mpira ukadunda vibaya ukamfikia Jabez mwenyewe, akaondoka nao. Hakusimama! Alikwenda hatua chache, Mounsey akamlaza kwenye tope, akaondoka na mpira. Nyuma yangu mtu akasema, "Heri angesimama." Nikageuka na pini ya kofia, naye akakumbuka ana shughuli upande wa pili wa uwanja.

Lakini Jabez aliinuka akicheka, tope mpaka kwenye meno. Con alimwona akicheka. Kuanzia hapo akaanza kumtafuta ampe mpira.

Kipindi cha mwisho Carrow Hill walikuwa mbele. Tukawafikia. Wakapita tena kidogo, tukawafikia tena, na sasa pointi zetu na zao zilikuwa sawa kabisa, na mzee wa kengele ya kumaliza mchezo ameshasimama na kamba mkononi anatazama saa. Mpira ukaangukia mbele ya goli la mtoni, mbele yangu hapo, kwenye dimbwi. Con akauokota. Watu watatu wakamrukia, mmoja mgongoni, mmoja kiunoni, mmoja amekumbatia goti. Jabez alikuwa kwapani mwake.

Na Con akamsogezea chumvi.

Sijui afanyeje binadamu aliyefanya jambo moja kila Jumamosi ya ujana wake. Mguu wake ulienda wenyewe. Tap! Halafu, huyu Con Duggan aliyetusomea gazeti kwa mdomo wake, akainua mkono juu akisubiri kipenga. Na si yeye peke yake. Mounsey akainua mikono, akarudi nyuma kistaarabu, kama alivyokuwa akirudi miaka yote. Watu wa Carrow Hill wakaanza kutembea kwenda kwenye nafasi zao. Kwenye uzio nusu ya watu wakapiga kelele, "Chumviii!" kwa furaha ya zamani. Hata refa alishaweka kipenga mdomoni na mashavu ameyajaza upepo. Ndipo akakumbuka, akakitema. "Cheza!"

Nilikuwa namwangalia Jabez miguuni. Mpira uko mikononi, na kisigino cha kulia kinashuka. Nilikiona. Kiligusa nyasi, kikaanza kuingia kwenye tope. Nikapiga ukelele mpaka sauti ikakatika, na asingeweza kunisikia katika zile kelele, hata aliyesimama pembeni yangu hakunisikia. Nikasema moyoni, basi, ndiyo mwisho, mwakani atakuwa ananianikia nguo za wenzake.

Kisigino kikainuka.

Akaondoka! Akapita chini ya kwapa la Mounsey, Mounsey bado mikono juu, anamwuliza refa, "Alaa! Imekuwaje?" Hakuna aliyemjibu. Mbele ya Jabez hakukuwa na mtu yeyote, goli liko wazi kama mlango wa kanisa, na alikuwa karibu kiasi kwamba mimi na sketi zangu ningefunga. Akapiga kwa kushoto.

Akakosa.

Mpira ulitoka umepinda, ukapita nje ya nguzo ndefu, kati yake na ile fupi ya pembeni. Hapo si goli. Hapo ni pointi moja, ile ya kufutia machozi. Mwamuzi wa goli akainua bendera moja tu, uwanja ukanyamaza, na katika kimya kile kengele ikalia.

Ilituchukua muda kuelewa. Pointi zilikuwa sawa. Sasa sisi tuna moja zaidi.

Nilimkumbatia Bi Pettifer, ambaye sijawahi kumpenda, nikamlilia begani huku namtukana ndugu yangu. "Mjinga yule! Goli wazi! Umeliona lile goli? Limekaa wazi!" Bi Pettifer naye analia, ananipigapiga mgongoni, anasema, "Hakusimama, Kezia. Hakusimama." Watu walimwinua Jabez mabegani. Walikuwa wanamwita kwa jina tena, ukingo wote, na wengine walikuwa wale wale waliocheka siku ya Brackley. Niliwajua kwa sura. Nikawasamehe, isipokuwa wawili.

Yelland alikuja mpaka kwenye uzio, Con nyuma yake ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

"Jina lake liko," Yelland akaniambia. "Kabla hujafungua mdomo. Liko."

"Na la huyu?" nikauliza, nikimwonyesha Con.

"Huyu bado nafikiria. Umemwona mkono juu? Mbele ya watu wote?"

"Mkono ulipanda wenyewe," Con akasema. "Dada Kezia, naapa sikuuambia." Akakanyagakanyaga tope. "Nilikuwa nauliza. Kile kichochoro chenu. Pana nafasi ya mtu mwingine?"

"Wewe ni mpana, Con."

"Nitakuja kiubavu."

Jabez akaja katikati ya maneno hayo, amechafuka kila mahali isipokuwa macho. Wenzake walikuwa wanamvuta waende chumba cha timu, ambako bia ilikuwa imeshafunguliwa na sisi wanawake haturuhusiwi kuingia. Akawaambia atawakuta baadaye. Con akamwuliza yeye basi, kama anaweza kuja mazoezini asubuhi, na Jabez akasema, "Mwulize dada. Mwalimu ni yeye." Alisema hivyo kwa sauti, mbele ya Yelland, mbele ya Bi Pettifer na mbele ya wanaume wote waliokuwa wamesimama pale, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Nilijifanya natafuta mwavuli wangu.

Tulirudi nyumbani kwa barabara kuu. Tulikwenda polepole, maana milangoni watu walikuwa wakimsimamisha, naye alimjibu kila mmoja. Baadaye mvua ikawarudisha watu ndani tukabaki wawili.

"Dada, nilikosa goli."

"Najua ulikosa. Nilikuwa na macho."

"Ilikuwa karibu kuingia."

"Haikuwa karibu hata kidogo, usinidanganye. Mwili umeulaza kushoto, kichwa umekiinua mapema. Mwakani utalifunga."

Akatembea kidogo, maji yanamtiririka usoni, tope linaanza kutoka.

"Mwakani," akasema. Tulipokata kona ya bucha akalisema tena, taratibu, anajisemesha mwenyewe, na mimi nikamwachia alirudie mpaka tukafika.